Kijana ametoka kozi ya uaskari mabega yamekwisha. Ale nini misuli ibaki?

Mjomba wa Likoni

Salaam jamvini.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Kabla hajaenda mafunzo ya uaskari alikuwa akinisaidia dukani, akibeba beli mbili za unga kwa mpigo, yaani kilo 48, kutoka kwenye mkokoteni mpaka stoo bila kupumzika. Siku anaondoka tulimpima kwenye mizani ya duka: kilo 71.

Juzi amekuja likizo. Nilikwenda kumpokea feri, watu wakateremka, nikampita. Nimempita kabisa, mpaka akaniita mwenyewe, "Mjomba!" Shati alilovaa ni lile la Idi nililomnunulia mimi, linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Tumempima mizani ile ile: 62. Kilo tisa zimekwenda wapi?

Na si kwamba ananyimwa chakula. Anasema wanakula mara tatu: ugali, maharagwe, nyama siku kadhaa, mboga, chai na mkate. Anarudi wiki ijayo na bado ana miezi miwili ya kazi ngumu, matembezi ya usiku na mzigo mgongoni. Wenye ujuzi naomba mniambie, askari ale nini misuli isiliwe?

Chuma cha Kisauni

Mjomba, jibu ni fupi: protini. Sisi jim tunakula gramu tatu kwa kila kilo ya mwili. Mayai sita kwa siku, yai moja lina gramu 12, hapo tayari ana 72. Aongeze ile protini ya unga ya kukoroga. Hao wanakula ugali mlima na maharagwe kijiko, misuli itabaki vipi?

Bi Mizani

Waalaykum salaam. Chuma, kaka yangu, yai moja lina kama gramu 6. Hiyo 12 ni ya gramu mia za yai, yaani mayai mawili ya kawaida. Kwa hiyo mayai yako sita ni gramu 36.

Mimi kazi yangu ni lishe, miaka 14 sasa, na uzi huu umenigusa kwa sababu watu wengi hukimbilia protini wakasahau moto wenyewe. Mwili wa askari aliye mafunzoni unaweza kuchoma kalori 4,000, hata 5,000 kwa siku. Akila 3,000, zile zinazopungua lazima zitoke mahali. Zinatoka kwenye mafuta kwanza, lakini ubongo unataka glukosi, ile sukari ya damu, na glaikojeni, akiba ya sukari kwenye ini, ikiisha mwili unabomoa misuli kuitengeneza. Hata protini aliyoila mchana huo huo inageuzwa kuni. Ukimpa nyama bila wanga na mafuta ya kutosha, ni kama kuvunja kabati la mvule ukachemshie chai.

Mjomba, nauliza: kabla hajaondoka alikuwa na kitambi chochote?

Mjomba wa Likoni

Kitambi? Wapi! Tumbo lilikuwa bapa kama ubao wa mkate.

Bi Mizani

Ndiyo maana. Aliye mwembamba hana akiba, kwa hiyo kila kilo inayotoka sehemu kubwa zaidi yake ni misuli. Mwenye akiba ya mafuta huwa na bahati hapo.

Kuruta Mstaafu

Nimesoma hadi hapa nikaona bora niseme. Mimi nimevaa kombati miaka 20 na ushee. Kozi yangu ya kwanza nilitoka na mbavu zinahesabika.

Kilichotumaliza ni usingizi. Mnalala kwa saa tatu tu, mnaamshwa, mnakimbia, mnarudi, mnaamshwa tena. Siku ambazo tulilala kwa saa sita, chakula kile kile, miguu ilirudi. Siku za kukesha hata ukila kondoo mzima unaamka umenyong'onyea.

Jambo la pili ni muda wa kula. Kijana wa Pwani kazoea kula kwa staha, anamega, anaongea, anashushia na chai. Kule ukifika mwisho wa foleni unakuta dakika zimebaki chache. Nilijifunza kwa mkubwa wangu mmoja: anza na supu na mafuta yake yote juu, kisha ugali na maharagwe, nyama mwisho, kwa sababu nyama unaweza kutoka nayo ukitafuna njiani. Mfuko wa kulia wa suruali nilitia njugu karanga. Usiku kwenye matembezi, kila tukisimama, kiganja kimoja. Kuna wenzangu walikuwa wakipanda kilima wanaona nyota, mimi nilikuwa natafuna.

Chuma cha Kisauni

Afande, heshima yako. Bi Mizani, asante kwa sahihisho la yai. Lakini protini siiachi.

Mwalimu wa Mtwapa

Usiiache, ila usiitie chumvi. Jambo hili limepimwa kwa askari wenyewe, si la kubahatisha.

Marekani kuna kozi ya jeshi inaitwa Ranger, wakati ule ilikuwa siku 62 za njaa na kukesha kwa makusudi. Mwaka 1991 watafiti wa jeshi waliwafuatilia: kila siku walipungukiwa kama kalori 1,000 hadi 1,200, na mwisho wa kozi wastani wa waliomaliza ulikuwa umepoteza asilimia 16 ya uzito. Mafuta ya mwili yalishuka mpaka karibu asilimia 6, na hapo ndipo misuli inapoliwa kwa kasi. Mwaka 1992 kundi jingine likaongezewa chakula, si protini peke yake, chakula tu, na uzito uliopotea ukawa kama asilimia 13.

Mjomba, kilo 9 kutoka 71 ni karibu asilimia 13. Mpwa wako amefika walikofika wale walioongezewa. Si maradhi, ni hesabu.

Kuhusu protini yenyewe: mwaka 2013 kulichapishwa utafiti wa watu 39 waliokatiwa nishati kwa asilimia 40 siku 21. Kundi moja lilikula gramu 0.8 kwa kilo, kiwango cha mtu wa kawaida. La pili 1.6, la tatu 2.4. Wale wa 1.6 walipoteza mafuta zaidi na misuli kidogo kuliko wa 0.8. Wale wa 2.4? Hawakuwashinda wa 1.6. Kwa hiyo gramu tatu za jim, Chuma, nusu yake ni pesa inayopotea bure.

Mpimaji wa Maabara

Mwalimu, "si maradhi" umesema haraka mno. Mimi nakaa na darubini kila siku. Kijana wa Pwani aliyekwenda pekupeku shambani utotoni anaweza kuwa na safura na asijue. Minyoo ile inanyonya damu, damu ikipungua anachoka, akichoka anakula kidogo. Ongeza malaria ndogo ndogo aliyozoea. Kabla ya kuhesabu mayai, apimwe choo na damu. Na chai ya rangi aache kunywa pamoja na maharagwe, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Anywe saa nzima baadaye.

Mwalimu wa Mtwapa

Naafiki, apimwe. Nimekosea kufunga mlango.

Baharia Mkavu

Mimi naona hamjatenganisha misuli na maji. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na kama gramu tatu za maji. Mtu amebeba kama nusu kilo ya glaikojeni, ikiisha hapo kilo mbili za uzito zimeondoka na hakuna nyuzi hata moja ya msuli iliyokatika. Mpeni wali wa nazi siku tatu, mpimeni tena. Nina hakika kilo mbili zitarudi na mashati yataanza kujaa.

Mama Pure

Nimecheka peke yangu jikoni kwa hilo la wali wa nazi kuwa dawa, lakini nakubali!

Napika pure, yaani mahindi na maharagwe pamoja, na ugali kwa vijana wanaofanya mazoezi ya kujiandaa na usaili, wale wanaokimbia mchangani asubuhi kabla jua halijakolea. Nimewaona wengi. Kijana anakuja, anaagiza ugali na sukuma, anashiba, anaondoka. Mwezi wa pili uso umechongoka. Yule anayekula pure na mafuta, na akimaliza akaniomba kikombe cha maziwa, huyo anadumu.

Nataka kuuliza wataalamu: ni kweli mahindi na maharagwe vikikutana vinakuwa kama nyama? Bibi yangu alikuwa akisema hivyo, na hakwenda shule.

Bi Mizani

Bibi yako alijua, mama. Protini hujengwa kwa vipande vidogo, na ya mahindi ina upungufu wa kipande kiitwacho laisini. Maharagwe, mbaazi, pojo, kunde, vyote vina laisini nyingi lakini vina upungufu wa kipande kingine, methionini, ambayo mahindi yanayo. Kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Si lazima viwe kijiko kimoja, mradi vipatikane siku hiyo hiyo. Mahamri na mbaazi ya asubuhi ni mpango huo huo, ngano mahali pa mahindi.

Hesabu ya kijana wa kilo 70, lengo gramu 1.6 za protini kwa kila kilo, jumla gramu 112:

Unga wa mahindi nusu kilo, kama gramu 40. Maharagwe makavu robo kilo kabla ya kupikwa, gramu 50 na kitu. Maziwa nusu lita, 16. Hapo karibu ameshafika na hajagusa nyama wala unga wa kukoroga. Lakini angalieni kalori: unga 1,800, maharagwe 830, maziwa 320. Chini ya 3,000! Ndipo naposema protini ametosheka na bado misuli inaliwa. Aongeze njugu karanga gramu mia, kalori 570 na protini 25 juu yake. Mafuta ya kupikia vijiko vitatu vikubwa, kalori 360. Sasa anakaribia 3,900, na hiyo ndiyo kazi.

Chuma cha Kisauni

Nusu kilo ya unga na robo ya maharagwe kwa siku? Atatembea au atabingirika?

Kuruta Mstaafu

Mwanangu, njoo ubebe kilo 25 mgongoni kutoka Mtwapa mpaka Kilifi kwa miguu, kisha uniambie kama hiyo sahani ni kubwa.

Mbio za Mchanga

Mimi nipinge kidogo. Kwa nini tunalia na mabega? Mwili unajirekebisha kwa kazi unayopewa. Miezi yote hiyo hakubeba beli za unga, alikimbia. Msuli usiotumika unajiondokea hata ukila ng'ombe. Ningeuliza miguu yake ikoje. Wakimbiaji wakubwa wa nchi hii wana vifua vyembamba na hakuna anayewahurumia.

Dawa yangu si sahani, ni kazi ya nguvu: kuinua mwili, kuchuchumaa na mwenzako mgongoni, mara mbili tatu kwa wiki. Msuli unaoambiwa "unahitajika" haubomolewi kirahisi.

Mwalimu wa Mtwapa

Mbio, una hoja, na kwenye njaa ndogo mazoezi ya nguvu hulinda kweli. Lakini kwenye njaa kubwa mambo hubadilika. Norway waliwafuata askari 73 kwenye mafunzo ya baridi kali, siku nne za kuteleza kwa skii kilomita 51 na mizigo. Walichoma zaidi ya kalori 6,000 kwa siku. Wengine waliongezewa vitafunio vya protini, wengine vya wanga. Aina ya kitafunio haikuleta tofauti. Aliyepungukiwa kalori kidogo ndiye aliyepoteza protini kidogo ya mwili, basi. Hapo ndipo Bi Mizani anaposhinda, na 1.6 yangu inakuwa na mpaka wake.

Nguru wa Kupaka

Samahani kuingilia. Mbona hakuna aliyetaja homoni? Mwili ukinyimwa chakula na usingizi testosteroni, ile homoni ya kiume, inaanguka, na kotisoli, homoni ya msongo, inapanda. Hao Ranger mliowataja walishuka mpaka kiwango cha mtu aliyehasiwa. Kuna vijana hapa mjini wanajidunga sindano wakidhani wanajitayarisha. Hiyo inafaa au haifai?

Bi Mizani

Isijaribiwe. Na hata watafiti wa jeshi la Marekani waliwahi kuwapa wanaume testosteroni miligramu 200 kila wiki, siku 28, huku wakikatiwa nishati kwa asilimia 55. Misuli iliongezeka kwenye kipimo, lakini nguvu na kazi ya miguu havikuwa bora kuliko wasiopewa. Umbo lilibaki, uwezo haukuongezeka. Na hao walikuwa chini ya madaktari. Kijana anayejidunga chumbani anafunga kiwanda chake mwenyewe, na mapumbu yananywea. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimewaona wakija kliniki wanalia, wengine wameoa juzi.

Habari njema ni kwamba wale Ranger walipopewa chakula cha kutosha homoni zilirudi ndani ya wiki moja hivi.

Daku la Mwisho

Wandugu, nami nina la kwangu. Mwanangu alifunga Ramadhani akiwa kwenye mafunzo. Hakulazimishwa kuacha wala kufunga, alichagua. Alipungua kilo tatu mwezi ule, na wenzake ambao hawakufunga walipungua karibu hivyo hivyo. Siri yake ilikuwa daku: uji mzito wa wimbi na siagi ya njugu, mayai mawili, tende saba, na maji taratibu. Futari tende na supu, kisha chakula kizito baada ya tarawehe. Hakuwahi kuanguka gwarideni. Naamini chakula chenye baraka na mpangilio kinashinda wingi.

Mpimaji wa Maabara

Mashallah. Ila kwa mwingine jua la mchana na maji hakuna ni hatari, aangaliwe mkojo usiwe rangi ya chai.

Daku la Mwisho

Kweli kabisa. Yeye mazoezi mazito walimwekea alfajiri.

Baharia Mkavu

Kuna suala la kugawa chakula siku nzima. Nimesikia mwili hautumii protini nyingi kwa mpigo. Ukila yote usiku inapotea?

Mwalimu wa Mtwapa

Haipotei, ila gramu 20 hadi 30 kila baada ya saa tatu nne inausukuma msuli kujijenga mara nyingi zaidi kuliko 90 za usiku mmoja. Kijana akipata kikombe cha maziwa kabla ya kulala afanye hivyo.

Mama Pure

Kambini nani atamkorogea maziwa usiku, mwalimu? Huko si kwa mama yake.

Kuruta Mstaafu

Maziwa ya unga, mama. Pakiti ndogo, kikombe cha plastiki, maji yoyote safi. Sisi tulifanya. Na baridi mmeisahau. Mji kama Eldoret uko kama mita 2,100 juu ya bahari. Mtoto aliyezoea joto la Likoni akipelekwa nyanda hizo anatetemeka usiku kucha, na kutetemeka ni kazi, kunachoma chakula. Mwenzangu kutoka Lamu alikonda kuliko sisi sote na alikuwa mlaji kutushinda. Alipopata sweta ya pili alianza kujaa.

Mbio za Mchanga

Hilo la sweta sikulitegemea kwenye uzi wa misuli, lakini nalihifadhi.

Mjomba wa Likoni

Nimerudi. Nawashukuru sana, nimesoma kila neno na mpwa amekaa hapa pembeni tunasoma pamoja.

Majibu yake. Choo na damu amepimwa jana: hana malaria, safura ipo kidogo, amepewa dawa. Mpimaji, Mungu akuzidishie. Usingizi, anasema saa nne ndiyo siku nzuri. Kula, anasema kweli huwa katikati ya foleni na mara nyingi humwaga nusu ya ugali kwa haraka. Nilipomsikia akisema "namwaga" moyo uliniuma. Anasema chai hunywa vikombe vitatu, na ndiyo inayomjaza.

Na Baharia, wali wa nazi tumempa siku nne, kwa samaki na maharagwe ya nazi. Leo mizani imesoma 64 na robo.

Baharia Mkavu

Nilisema!

Bi Mizani

Zimerudi maji na glaikojeni, ndiyo, na chakula kilichomo tumboni pia kina uzito. Misuli itachukua wiki. Wale Ranger walipofuatiliwa baada ya kozi, wiki tano baadaye nguvu na misuli vilikuwa vimerudi, lakini mafuta yalikuwa yamepita ya mwanzo, kwa sababu mtu aliyekaa na njaa hula kama anayekimbizwa. Mwaka 1944 hadi 1945 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 kwa wiki 24 mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito, na walipofunguliwa wengine walikula mpaka wanaumwa na bado hawakuhisi kushiba. Kwa hiyo ale vizuri, asishindiliwe. Na aendelee kubeba beli zako, moja moja.

Chuma cha Kisauni

Moja moja kweli. Mimi namletea kopo la protini la bure kesho, Mjomba, mtaona wenyewe.

Kuruta Mstaafu

Kopo kambini litageuka la chumba kizima. Mpe njugu, tende na maziwa ya unga, na aulize kwanza kinachoruhusiwa langoni. Sweta pia.

Mbio za Mchanga

Na bado sijaona mtu aliyepima miguu. Tunazungumzia misuli kwa kutazama shati.

Mjomba wa Likoni

Mbio, umenipa wazo. Nimempeleka kwa fundi cherehani wa hapa mtaani na utepe wake. Mkono wa juu sentimita 28, kifua 89, paja 53. Fundi ana daftari, na vipimo vya shati lile la Idi bado vimo: mkono ulikuwa 32, kifua 96. Paja hakulipima siku ile, kwa hiyo hapo hatuna la kulinganisha. Nimeandika vyote kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mikopo. Anaondoka Jumatatu.

Bi Mizani

Mpime na kiuno pia kabla hajaondoka. Asubuhi, hajala, hajanywa maji, na utepe uwe ule ule.

Mjomba wa Likoni

Kesho baada ya swala ya alfajiri. Fundi amekubali kufungua mapema.